Mwenyeji wa Iringa

Mwanjelwa, Mbeya
12 Januari 2025

Wifi yangu Chiku,

Asalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na binti yako Sauda, na vyerehani vyako vyote. Sisi huku hatujambo. Mvua haikatiki, nguo zinakaa kambani hadi zinaota ukungu, na Abdulkarim wangu ameanza kidato cha kwanza na suruali ambayo imeshakuwa fupi. Kaka yako Zubery yuko barabarani kama kawaida, anabeba karatasi za Mgololo kupeleka Dar es Salaam. Ndiye atakayekupa barua hii akipita Iringa.

Najua utacheka, watu wa leo kuandikiana barua na simu tunazo. Ngoja nikueleze. Jumapili iliyopita ulipopiga, niliweka sauti kubwa ili Mama yenu akusikie. Mkazungumza vizuri, ukakata, nami nikaingia jikoni kugeuza ndizi. Kutoka, Mama hayupo. Alikuwa amekusikia, basi kwake yeye umeshafika, akachukua mkoba wake kwenda kukupokea. Tulimtafuta soko zima. Tukampata stendi ya Kabwe, ameketi kwa muuza mapapai, viatu hana, anamuuliza kila anayeshuka kwenye basi kama amemwona Chiku. Kwa hiyo simu basi. Na meseji nazo sizitaki, maneno ya meseji yanakuwa makali kwa ufupi wake, na mimi na wewe tumeshaumizana hivyo mara nyingi. Nilimwomba kaka yako awe anatufikishia maneno kwa mdomo, akakataa. "Andikianeni," akasema. "Mie dereva bwana, siyo redio."

Tulimpeleka Mama hospitali. Daktari amesema ni dimenshia, ugonjwa wa kusahau, ubongo ndio unaoumwa. Siyo uzee mtupu wala siyo mkono wa mtu, ingawa majirani hapa wameshaanza kunitazama mimi kwa jicho la pembeni. Dawa ya kumponya hakuna, ila anaweza kuishi kwa raha akikaa na watu wanaomwelewa.

Sasa wifi, sikiliza. Mama alipokwambia kwamba namwibia kanga zake na kumlaza njaa, wewe ulikwenda moja kwa moja kwa kaka yako. Hukuniuliza. Kanga anazificha mwenyewe, tena ndani ya magunia yangu ya mchele, halafu anasahau. Juzi nilikuwa nampimia mteja, nikachota mchele nikatoa na kanga. Mteja akacheka, mimi sikucheka. Na siku utakayokuja, nakuomba sana usimuulize, "Mama, unanijua mimi ni nani?" Swali hilo linamtesa. Anajua kwamba alipaswa kujua.

Mengine ukija utayaona mwenyewe.

Wifi yako,
Ruwaida


Miyomboni, Iringa
2 Februari 2025

Wifi Ruwaida,

Waaleikum salaam. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama pale pale Ipogolo kwenye vumbi la malori, kaka yangu anapiga honi kwamba anachelewa. Huku tu wazima. Sauda amebakiza muhula mmoja chuoni, na mimi nimeelemewa na sare za shule hadi vidole vinauma. Nimekutumia nyanya za Ilula. Za chini zikifika zimepondeka ujue ni barabara, siyo mimi.

Habari ya Kabwe imenikata maini. Ya kanga nayo nimeisikia, yaishe. Lakini umeniandikia kurasa mbili nzima, wifi, na jambo kubwa umelifunika na ile "mengine utayaona mwenyewe." Nimeshaliona. Kaka yangu huyo asiyekuwa redio limemtoka akiwa anakunywa chai. Anasema, "Siku hizi mama anamwita mke wangu Chiku, na mwenyewe anaitika."

Unaitika?

Jina hilo ni la bibi yake Mama, aliyemlea. Alinipa mimi siku ya saba, mbele ya watu, na hajawahi kumwita mtu mwingine kwa jina hilo. Nyumba yangu iko mbali, nilikuja huku kuolewa, mume akafa, duka likabaki, watoto wa watu wakawa wananitegemea kwa mishahara. Sikumtupa mama yangu. Sasa wewe umekaa naye, umepika naye, umezoeleka, ukaona hayo hayatoshi, ukavaa na jina langu?

Sitaficha, Ruwaida. Nina wivu. Nikikata kitambaa nawaza, sasa hivi anamwambia mtu "Chiku mwanangu," na mtu huyo siyo mimi. Juzi nimekata mkono wa gauni la bibi harusi ukawa mfupi kwa ajili yako.

Idi nakuja. Nikifika, nitaitika mwenyewe.

Chiku


Mwanjelwa, Mbeya
24 Februari 2025

Wifi Chiku,

Salamu nyingi. Nyanya zimefika, za chini zimepondeka, nimezipikia mchuzi. Abdulkarim amepata malaria na amepona. Ramadhani iko mlangoni, Mungu atufikishe.

Ndiyo, naitika. Naitika "abee," kama ulivyofundishwa wewe.

Siku ya kwanza sikuitika. Alisema, "Chiku, nipe maji," nikamwambia, "Mama, mimi siye Chiku, mimi Ruwaida, mke wa Zubery. Chiku yuko Iringa." Akauliza Iringa umekwenda lini, mbona hukumuaga. Akalia. Nikambembeleza akanyamaza, baada ya muda mfupi akauliza tena, nikajibu tena ukweli wangu, akalia upya kama ndiyo kwanza anasikia. Mchana kutwa tulishinda hivyo. Nilipomweleza daktari akaniambia nisimvute Mama kuja nilipo mimi, nimfuate alipo yeye. Alipo yeye, kuna Chiku ndani ya nyumba. Kesho yake alipoita nikaitika, akanywa maji yake, akatulia.

Unasema nimevaa jina lako. Basi nikwambie linavyovaliwa. Nikimpa uji mtamu, ni Chiku kampa. Nikimkanda miguu, "Mungu akuweke, Chiku." Uji ukiwa wa moto, kanga isipoonekana, mlango ukifungwa, hapo ndipo mimi ninakuwa Ruwaida. "Huyu mke wa Zubery ataniua." Jina langu amelihifadhi vizuri sana, hajalisahau hata siku moja, ila analitoa akitaka kugomba. Dua zote zinakwenda Iringa kwa mtu aliyeketi kwenye cherehani. Na wewe ndiye mwenye wivu!

Karibu Idi. Godoro nimelianika.

Ruwaida


Miyomboni, Iringa
6 Aprili 2025

Wifi Ruwaida,

Asalaam aleikum. Tumefika salama, mimi na Mama. Basi lilikuwa zuri, alilala kuanzia Makambako. Baridi ya huku ni ya upepo tu, hana shida nayo. Sauda amefurahi kumwona bibi yake, amempa kitanda chake.

Najua tumeachana vibaya. Kaka yangu alipokubali nikae na Mama miezi minne, wewe ulikunja nguo zake tu, moja moja, ukaninyooshea begi bila kuniangalia. Sikupenda iwe hivyo. Lakini ungekuwa wewe ungefanyaje? Nimetoka Iringa na halua, na gauni nililomshonea kwa mikono yangu, naingia sebuleni kwa kaka yangu, mama yangu ananinyanyukia kwa adabu, ananipa mkono, ananiambia, "Karibu mgeni. Chiku, mletee mgeni maji." Na wewe ukaleta maji! Uliniwekea mbele yangu na sinia chini yake, kama mgeni kweli.

Nilisema pale pale, huyu akikaa na mimi atanijua. Damu haipotei.

Anaendelea vizuri. Anakula vizuri, analala vizuri. Nimemzungusha mjini, watu wanamsalimu. Huna haja ya kuwa na wasiwasi.

Hivi, huko alikuwa akisali chumbani kwake au sebuleni? Nauliza tu.

Chiku


Mwanjelwa, Mbeya
4 Mei 2025

Wifi Chiku,

Salamu. Barua yako imekaa kwenye lori hadi ikapata madoa ya grisi, gari lilinasa kwenye matope ya Mgololo, kaka yako akalala huko na kurudi amekonda. Sasa ni mzima. Huku mavuno yameanza, mchele mpya wa Usangu umeingia na biashara si haba.

Nimefurahi kwamba anakula vizuri na analala vizuri. Mimi sikuwahi kumpata akafanya yote mawili kwa siku moja, lakini mimi si damu yake.

Nyumba imekuwa kubwa. Majirani wananipongeza kwamba nimepumzika. Bi Tabu wa jirani aliniambia, "Sasa hata wewe utapendeza," nikamwambia nilikuwa napendeza tangu zamani. Asubuhi mkono wangu unapima uji wa watu wengi, nakumbuka katikati, namwaga. Najiuliza, mwenye jina lake amekuja kulichukua, mimi nalia nini?

Umenieleza basi, baridi, kitanda na safari za mjini. Hujaniambia anakuitaje.

Swali lako: alikuwa akisali chumbani.

Ruwaida


Miyomboni, Iringa
25 Mei 2025

Wifi yangu Ruwaida,

Asalaam aleikum. Sauda ana kikohozi, sare za shule zimepungua, namshukuru Mungu. Hayo ndiyo ya heri. Sasa niandike ukweli, maana barua ya Aprili niliiandika na kichwa juu.

Ananiita mwenyeji. Kwa Mama, yuko safarini. Basi limeharibika hapa Iringa, na mwanamke mmoja ambaye hamjui amemhurumia, akamlaza kwake. Mwanamke huyo ndiye mimi. Kila asubuhi anafunga kitenge chake, anaketi ukingoni mwa kitanda na kuniambia, "Mwenyeji wangu, nashukuru kwa kunilaza. Nadhani leo gari litapona." Namwambia, "Mama, hapa ni kwangu, mimi Chiku, mwanao." Ananitazama kwa huruma. Ananiona mimi ndiye mgonjwa! Alimwambia Sauda nisiachwe peke yangu karibu na jiko.

Jua likianza kushuka ndiyo balaa. Anataka kutoka, anaita Chiku, anabisha mlango. Na sala, wifi. Kibla cha chumba kile ni upande wa dirisha, yeye anatandika mswala kulielekea kabati. Nikamwelekeza, akakataa. Siku moja nilimshika mabega akiwa ameshaanza sala, nikamgeuza. Alipiga kelele kwamba mwenyeji anamsukuma asisali. Majirani walikuja. Mama yangu alilia mbele yao akiniogopa mimi, Ruwaida. Mimi! Tangu siku ile hasali, anakaa tu juu ya mswala.

Jana nikachoka kubishana. Nikamuuliza, "Huyo Chiku wako yukoje, nimtume mtu akamtafute?" Uso wake ukafunguka. Akaniambia Chiku ana mikono ya joto. Chiku akicheka anafunika mdomo kwa sababu ya jino lililovunjika. Chiku ananukia pumba za mchele. Akasema, "Mwenyeji, ukimwona tu utampenda."

Meno yangu mimi ni mazima yote. Ni wewe. Yaani kule ndani kabisa, mahali alipokuwa ameniweka mimi, umekaa wewe na jino lako. Nilikwenda dukani nikafunga mlango, nikakuonea wivu. Ningekuwa na mtu wa kumlaumu ningemlaumu, lakini wewe ulikuwa unapika uji tu.

Miezi minne inakimbia, na mimi sitaki kumrudisha nikiwa nimeshindwa. Nieleze unavyofanya. Nieleze yote, usinijibu kwa neno moja.

Chiku


Mwanjelwa, Mbeya
8 Juni 2025

Wifi yangu Chiku,

Idi njema, japo imeshapita. Tulichinja mbuzi na wenzetu wa mtaani, nimekukaushia nyama kidogo, kaka yako asiile njiani. Baridi imeanza, asubuhi majani yanakuwa meupe.

Hamisha kabati.

Chumbani kwake hapa, kabati liko upande wa kibla. Ameswali akilielekea tangu tulipohamia nyumba hii, na mwili wake umeshika hivyo. Yeye haelekei kabati kwa ujinga, anaelekea Maka kama anavyoikumbuka. Usimgeuze Mama, geuza chumba. Lisogeze kabati upande wa dirisha, na kitanda kikae kushoto kwake akiwa anasali. Sheikh wetu alisema mtu wa hali yake hana lawama hata akikosea, lakini siyo lawama anayoitaka, anataka kusali kwa amani.

Nililijua hili uliponiuliza Aprili. Nilijua kabisa kwa nini unauliza. Nikaandika "chumbani" nikafunga bahasha, na nilifurahi. Nilitaka ushindwe arudi. Hukunipa jambo lolote la furaha Idi ile, nikajipa hilo. Ndivyo nilivyokuwa na hasira, na nyingine ninayo hadi leo.

Mengine nakwambia jinsi yanavyonijia. Kioo cha chumbani kifunike na kanga, jioni anamwona mtu mle ndani na kumwogopa. Jua likishuka usimwambie akae, mpe kazi. Mimi humwagia mchele kwenye ungo, anachambua mawe, hata ukiwa hauna jiwe lolote anayapata yake. Taa uwashe mapema, kabla giza halijaingia pembeni. Akitaka kutoka, toka naye, zungukeni nyumba, atarudi mwenyewe amechoka. Usiseme naye ukiwa nyuma yake. Ukimpa chakula mpe kimoja kimoja, sinia la vitu vingi linamchanganya na anaacha vyote. Akigomba, usijitetee. Hili mimi mwenyewe linanishinda.

Na lile kubwa. Umesema unambishia kila asubuhi kwamba wewe ni Chiku. Acha. Ameshakupa nafasi ndani ya kichwa chake, ni mwenyeji wake, mtu mwema aliyemlaza. Nafasi hiyo siyo mbaya. Mkaribishe. Mwambie gari bado linatengenezwa, mpe chai, muulize habari za mwanawe. Utaumia, najua unavyoumia, mimi nimefanya kazi hiyo kwa jina la mtu mwingine muda wote huu.

Ile habari ya mikono ya joto nimeisoma mara nyingi. Nilidhani hajawahi kuniona.

Ruwaida


Miyomboni, Iringa
3 Agosti 2025

Wifi yangu,

Asalaam aleikum. Nyama ilifika nusu, mwizi tunamjua, ana leseni ya lori. Sauda amemaliza chuo cha uhasibu, anatafuta kazi, kwa sasa ananishikia mkasi.

Nisamehe kwa kutokunywa chai yako wiki iliyopita. Ulikuwa umeshaandaa, niliona vikombe mezani kupitia mlango. Wacha nikuandikie, maana pale getini sikuwa na mdomo.

Kabati tulihamisha mimi na Sauda siku ile ile barua ilipofika. Adhuhuri Mama akaingia chumbani, akasimama. Akaangalia kabati, akaangalia kitanda, akatandika mswala. Sisi tulikuwa mlangoni tumeshikana mikono kama watu wanaongoja matokeo ya mtihani. Akasali hadi mwisho. Akageuka akaniona nalia, akasema, "Mwenyeji, umefiwa?"

Kesho yake nikaacha kubishana. Nikamwambia, "Karibu chai, mama, fundi bado yuko chini ya gari." Akacheka, akasema mafundi wa barabara hii ni waongo wote. Tukawa marafiki. Sijui nieleze vipi, Ruwaida. Alinisimulia habari zangu mwenyewe, jinsi nilivyokuwa nikiiba sukari, jinsi nilivyoumwa surua akanibeba mgongoni siku nzima. Alinieleza hofu zake, kwamba Chiku ni mkali na atazeeka peke yake. Mambo hayo hajawahi kuniambia nikiwa mwanawe. Nilimwogesha, nilimfunika, nilimlisha, nikiwa mgeni kwake. Mara nyingine nilipokuwa peke yangu nilisema "Mama" kwa sauti ndogo.

Lakini jioni bado alimwita Chiku. Nikampa ungo, nikazunguka naye nyumba, akatulia, na kesho akamwita tena. Ningeweza kukaa naye. Nataka ujue hivyo, sikushindwa. Nilimrudisha kwa sababu anakutaka wewe, na nilikuwa nimechoka kumtazama akikungoja.

Pale getini ulitoka na mikono ya unga. Mama aliachia mkono wangu. Hakuangalia nyuma. Alikwenda kwa zile mbio zake za mzee, anasema, "Chiku, Chiku wangu, gari limepona." Ukamfungulia mikono. Uso wako niliuona juu ya bega lake, ulikuwa umefumba macho. Mimi nilisimama na begi. Ningeingia, ningekunywa chai, na ningesema jambo ambalo tusingelisahau sisi wawili. Nikaliweka begi chini, nikarudi stendi.

Mtunze. Najua utamtunza. Hilo nalo linaniuma.

Chiku


Mwanjelwa, Mbeya
31 Agosti 2025

Wifi yangu Chiku,

Asalaam aleikum. Sisi wazima. Maparachichi yameiva hadi yanatupwa, kaka yako atakuletea gunia. Mpe Sauda salamu, mwambie shule moja hapa Mwanjelwa inatafuta mhasibu, nitamuulizia.

Mama hajambo. Siku nyingine ni nzuri, nyingine ananiita mwizi tangu alfajiri. Ameanza kusahau kijiko kinashikwaje, kwa hiyo nashika naye. Uji anakula.

Sasa nina jambo, na nimekaa nalo tangu wiki ile uliyomleta. Barua yako ilipofika ndiyo nikazidi kulikalia. Sababu yake ni wivu, sina nyingine. Nilikuwa najiambia, akijua huyu, mimi nitabaki na nini?

Nilikuwa namsuka nywele, ameketi kwenye mkeka, mgongo wake kwenye magoti yangu. Akasema, "Chiku, pale Iringa gari lilipoharibika nililala kwa mwanamke mmoja." Nikasema, "Abee, Mama." Akasema, "Sijui hata jina lake. Mimi si lolote kwake. Lakini aliniogesha bila kunikwaza, akanifunika, akaniuliza habari zako. Nilikuwa nikimsikia analia upande wa pili wa ukuta, nikawaza, mwanamke mwema hivi nani amemwacha?" Kichwa chake kikaegemea goti langu, nikadhani amesinzia. Halafu akasema, "Mama yake ana bahati. Mungu angenipa na yule, ningekuwa nao wawili."

Nikaacha kusuka. Nikamwambia naanua nguo, nikatoka nje, na kambani hapakuwa na nguo.

Umeyasikia, Chiku? Mimi nasifiwa kila siku, na kila sifa ina jina lako juu yake. Wewe umesifiwa bila jina lolote, kwa ulichomfanyia tu, na mtu ambaye hakuwa na sababu ya kukupenda. Amekupenda upya. Mimi hajawahi kunitamani mimi niwe mwanawe, anadhani tayari ndivyo nilivyo. Nimekuonea wivu kuliko siku ulipokuja kumchukua.

Anauliza kama mwenyeji wake atapita Mbeya. Kila siku anauliza. Nimemwambia atapita.

Basi pita. Usilete halua wala gauni, usimwambie wewe ni nani. Piga hodi, sema umetoka Iringa. Atakusogezea nafasi pale kitandani karibu yake na atakushika mkono, maana kila siku huketi hivyo akikungoja, ameacha nafasi pembeni yake. Mimi nitakwenda jikoni kuchemsha chai, na nitakaa huko huko hadi mmalize, kwa sababu sitaweza kuwatazama.

Wifi yako,
Ruwaida